“Mungu Atatoa”: Ni Imani, au ni Kumjaribu Mungu?



Katika ukurasa wetu mara hii tutazame maneno mawili ambayo hayakosi kusikika katika nyumba ya Mkristo: “Mungu atatoa.” Mama huyasema anapoona unga umebaki kidogo na mwisho wa mwezi bado uko mbali. Baba huyasema anapopokea barua ya karo. Tunayasema kando ya kitanda cha mgonjwa, tunayasema shambani mvua ya Machi inapochelewa. Ni maneno mazuri, tena ni ya zamani sana. Abrahamu alimjibu mwanawe Isaka kwa maneno yanayokaribiana na hayo walipokuwa wakipanda mlimani pamoja (Mwanzo 22:8).

Lakini maneno hayo hayo, mazuri hivyo, yamewahi kuvunja nyumba. Chukua mfano wa bwana na bibi wa sehemu zetu hizi, tuseme karibu na Karatina au Othaya. Wana ekari mbili, kahawa kidogo, ng’ombe wawili na watoto wanne. Bwana anataka kuweka hati ya shamba kama dhamana ya mkopo ili anunue lori la kubebea mboga. Bibi anauliza, “Baba, lori likiharibika tutalipa na nini?” Bwana anamjibu, “Mama watoto, shida yako ni kwamba huna imani. Petro alitembea juu ya maji. Mungu atatoa.” Bibi ananyamaza. Anajua kwamba akisema neno jingine ataonekana kama mtu anayebishana na Mungu.

Swali letu leo ni hili: kati ya hao wawili, ni nani aliyekuwa na imani zaidi? Yule aliyesema “Mungu atatoa,” au yule aliyeuliza swali? Na sisi tutajuaje kama tunamtumaini Mungu kweli, au tunatumia jina lake kufanya tuliyokwisha kuyaamua?

Shetani naye alihubiri tumaini

Tuanze na Injili. Katika Mathayo sura ya 4, Shetani alimchukua Yesu mpaka juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini. Angalieni vizuri: hapo Shetani hakumwambia Yesu aache kumtumaini Baba yake. Alimwambia amtumaini sana! Hata alimtajia Zaburi ya 91, ile inayoahidi kwamba malaika watamlinda mtu wa Mungu asijikwae mguu. Kwa maneno mengine, Shetani alisema: “Ruka tu. Mungu atatoa.”

Yesu alikataa. Alijibu kwamba imeandikwa tusimjaribu Bwana Mungu wetu. Je, Yesu alikosa imani siku hiyo? Hasha. Huyu ndiye aliyekuja kutufundisha kwamba Baba huwalisha ndege wa angani na kuyavika maua ya kondeni (Mathayo 6:25-34). Basi tunajifunza kwamba kuna aina mbili za jambo ambalo sisi tunaliita kwa jina moja. Kuna kumtumaini Mungu katika shida iliyotujia, na kuna kujitengenezea shida wenyewe halafu kumwamuru Mungu aje atuokoe. La kwanza ni imani. La pili Yesu aliliita kumjaribu Mungu.

Mkulima wa kahawa anaielewa tofauti hii bila kusoma teolojia. Hupanda mbuni akijua atangoja miaka kama mitatu kabla ya kuchuma kitu cha maana. Hupalilia, hupogoa matawi, hunyunyiza dawa, huweka mbolea. Mvua hawezi kuileta, wala bei ya soko la dunia hawezi kuipanga. Hapo ndipo anapomtumaini Mungu. Lakini mkulima aliyeacha shamba lake likawa msitu, akakaa kivulini akisema Mungu atatoa, jirani zake hawamwiti mtu wa imani. Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa.

Hata Petro tunayempenda kumtaja, tumsome vizuri. Hakuruka majini kwa kujiamulia. Alimwomba Bwana kwanza, akangoja aitwe (Mathayo 14:28-29). Tena aliposhuka chomboni alishuka mwenyewe. Hakuwasukuma wenzake kumi na mmoja majini ili aonyeshe ukubwa wa imani yake.

Ni nani anayelipa?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, hasa kwetu sisi tulio na ndoa. Mtawa akiamua kufunga siku tatu, njaa ni yake. Lakini baba au mama wa nyumba akiamua jambo kwa jina la imani, mara nyingi wanaolipa ni wengine. Shamba likipigwa mnada, watoto ndio wanaokosa mahali pa kulala. Mgonjwa wa kisukari akiambiwa atupe dawa kwa sababu ameombewa, mwili unaozimia si wa yule aliyemwombea.

Hatuwezi kulizungumza jambo hili bila kukumbuka Shakahola. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, katika msitu ulio katika kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya watu walioambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miili iliyopatikana ilizidi 400, wakiwemo watoto wengi. Si vizuri tuwacheke wazazi wale au tuwaite wajinga. Wengi walikuwa watu waliompenda Mungu na kutaka kumfuata Yesu. Waliuza mali, wakaacha kazi, wakatoka mbali kwa ajili hiyo. Walichokosa ni kuuliza swali moja: Je, Baba wa mbinguni, ambaye Yesu alisema hawezi kumpa mtoto jiwe aombapo mkate (Mathayo 7:9), anaweza kutaka mtoto wangu afe njaa?

Mwingine atasema, “Lakini Abrahamu je? Mungu hakumwomba mtoto wake?” Ni swali la haki. Jibu liko katika mwisho wa habari ile. Abrahamu aliponyosha mkono, Mungu aliuzuia. Kilichochinjwa kilikuwa kondoo dume aliyenaswa kichakani. Waliozunguka nchi ile walikuwa na desturi ya kuwatoa watoto wao sadaka kwa miungu yao, naye Mungu wa Abrahamu akaonyesha wazi kwamba yeye si kama hao. Tangu siku ile hakuna mzazi anayeweza kusema kwamba Mungu anamtaka amlaze mtoto juu ya madhabahu ya imani yake. Mungu alipotaka sadaka ya mwana, alimtoa wa kwake.

Na wale wanaotoa ahadi kubwa kanisani au katika harambee ilhali nyumbani hakuna chakula, Yesu alikwisha kuzungumza nao. Katika Marko 7:9-13 aliwakemea watu waliosema mali yao imekuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, kumbe walikuwa wanakwepa kuwatunza baba na mama zao. Sadaka ni jambo takatifu, na yule mjane wa senti mbili alisifiwa na Bwana. Lakini mjane yule alitoa chake mwenyewe. Mtume Paulo naye anamwandikia Timotheo kwamba mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Ni neno zito. Hakusema mtu huyo ana imani nyingi kupita kiasi. Alisema ameikana.

Mfano wa kwetu: Nyaatha

Sisi wa Nyeri hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mtu aliyemtumaini Mungu kwa njia iliyo sawa. Tunaye Mwenye Heri Irene Stefani, Sista wa Wakonsolata ambaye wazee wetu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Alizaliwa mwaka wa 1891 katika kijiji cha Anfo, Italia, akafika Kenya mwanzoni mwa mwaka wa 1915. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nao Waafrika maelfu kwa maelfu walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Sista Irene aliwauguza wapagazi hao katika hospitali za kijeshi huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Vita vilipokwisha alikuja Gikondi, upande wa Mukurwe-ini, akakaa huko tangu mwaka wa 1920 mpaka kufa kwake.

Pale Gikondi alifundisha, akatembea kwa miguu kupanda na kushuka vilima vile, akaingia katika nyumba za wagonjwa, akawaandikia barua akina mama wasiojua kuandika ambao wana wao walikuwa wamekwenda kufanya kazi mbali. Mwaka wa 1930 mwalimu mmoja aliugua tauni. Sista Irene alimwuguza, naye akaambukizwa ugonjwa huo. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri hapa hapa Nyeri, katika ibada kubwa iliyoongozwa na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, Sista Irene alimtumaini Mungu kwa miguu na mikono yake. Hakukaa kituoni akisema Mungu atawapelekea wagonjwa msaada. Alikuwa yeye ndiye msaada. La pili, gharama aliilipa yeye. Hakumsukuma mtu mwingine aingie katika nyumba ya mgonjwa wa tauni. Imani ya namna hiyo haimwumizi jirani, humponya.

Tena kuna muujiza uliokubaliwa na Kanisa ili atangazwe Mwenye Heri, nao unatuhusu sisi wenye ndoa. Mwezi wa Januari mwaka wa 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Msumbiji, makatekista pamoja na wake zao na watoto wao walikuwa katika parokia ya Nipepe kwa mafunzo. Mapigano yakawakuta. Watu zaidi ya mia mbili walifungiwa kanisani siku kadhaa bila kuweza kutoka. Maji waliyokuwa nayo ni yale kidogo ya kisima cha ubatizo, kilichochongwa katika gogo la mti. Waliombewa kwa jina la Sista Irene, na maji yale yakawatosha wote kunywa, hata mtoto mchanga aliyezaliwa humo akaoshwa kwa maji hayo.

Ndugu zangu, familia zile za Nipepe hazikujitupa kutoka juu ya kinara. Vita viliwafuata mahali walipokuwa wakijifunza Neno la Mungu. Hawakuwa na njia nyingine. Hapo basi ndipo mahali pa kusema “Mungu atatoa” bila kuona haya. Mtu aliyefanya yote awezayo, na ambaye shida imemjia bila kuitafuta, anaweza kuyasema maneno hayo kwa kichwa kilichoinuliwa.

Woga unaojiita busara

Sasa isije mtu akasoma mpaka hapa akasema, “Nilijua mimi! Mambo ya kutumaini ni ya wajinga. Kila mtu ahesabu pesa zake.” La. Kuna kosa la upande wa pili, na katika nyumba zetu za siku hizi pengine ndilo linaloongezeka.

Yuko mume ambaye mke wake hajawahi kuona karatasi yake ya mshahara. Yuko mke mwenye akiba katika vyama viwili ambavyo mume hajui hata majina yake. Bonasi ya majani chai ikija, kila mmoja anaificha sehemu yake. Ukiwauliza wanasema ni busara, mtu hajui kesho. Yupo pia yule asiyeweza kumsaidia hata mama yake mzazi kwa sababu kila shilingi ina mpango. Tajiri wa Luka 12:16-21 alikuwa mpangaji hodari kabisa. Alipanga kujenga ghala kubwa zaidi, akaihesabu miaka. Mungu alimwita mpumbavu. Hakumwita hivyo kwa kuwa alitaka kujenga ghala, kwa maana Yosefu kule Misri alijenga maghala akasifiwa, kwa kuwa aliwalishia watu. Yule tajiri alikuwa akizungumza na nafsi yake tu. Katika mipango yake yote hamsikii akimtaja mke, mtoto, jirani wala Mungu.

Kwa hiyo kupanga si dhambi. Yesu mwenyewe alisema mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Mipango huwa mibaya inapokuwa ukuta wa kumfungia mwenzako nje, na Mungu pia.

Mkono wa Mungu katika nyumba yako

Wakati wa mafundisho ya ndoa tunawaambia wachumba jambo ambalo wengi hulisahau baada ya keki kuliwa: katika Sakramenti ya Ndoa, padre ni shahidi anayepokea maagano yao kwa jina la Kanisa. Wanaopeana sakramenti ni bwana arusi na bibi arusi wenyewe. Maana yake ni kwamba Mungu amechagua kukupitishia neema zake kwa mkono wa mwenzako. Basi unapoomba “Ee Mungu, nionyeshe njia,” usishangae jibu likija kwa sauti ya mke wako akiuliza, “Baba, lori likiharibika tutalipa na nini?” Huenda huyo ndiye malaika uliyemwomba.

Yohane mtume alisema kwamba asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona (1 Yohane 4:20). Tunaweza kufuata mawazo hayo hayo katika tumaini. Kama huwezi kumwambia mwenzako ukweli juu ya deni ulilo nalo, utamwambiaje Mungu kwamba umejiweka mikononi mwake? Tumaini ni tabia moja. Haligawanyiki, moja la kanisani na jingine la chumbani.

Hata sheria ya nchi yetu imelitambua jambo hili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi wa pili. Wengine huiona sheria hii kama adui wa baba wa nyumba. Mimi naiona kama jirani mwema anayegonga mlango na kusema, “Je, mmezungumza?” Lakini idhini inayopatikana kwa kumwambia mtu hana imani si idhini. Ni kidole kilichoshikwa kwa nguvu kikawekwa kwenye wino.

Tukumbuke pia Mtakatifu Yosefu. Alipoambiwa na malaika kwamba Herode anamtafuta mtoto, aliamka usiku ule ule akamchukua mtoto na mama yake akakimbilia Misri (Mathayo 2:13-15). Angeweza kusema kwamba mtoto huyu ni Mwana wa Mungu, basi Mungu atamlinda. Alijua kwamba ulinzi wa Mungu kwa mtoto yule ulikuwa ni yeye Yosefu.

“Vumilia, Mungu anaona”

Kuna mahali ambapo tumaini hutumiwa vibaya zaidi kuliko pengine pote, na si haki tunyamaze. Mama anapigwa. Anakwenda kwa wazee, kwa akina mama wenzake, hata kwa viongozi wa Jumuiya. Anaambiwa, “Vumilia, mwachie Mungu.” Wapo pia wanaume wanaoteswa nyumbani, wakaona haya kusema. Jamani, tuulize swali letu lile lile: hapo ni nani anayelipa? Anayemwambia avumilie anarudi kwake kulala salama.

Msalaba ambao Yesu alituambia tuuchukue ni wa kila mtu kujitwika mwenyewe kwa upendo. Hakumpa mtu ruhusa ya kuwatengenezea wengine misalaba. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kuondoka pale ambapo mwenzake anamweka yeye au watoto katika hatari kubwa ya mwili au ya roho. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake juu ya upendo katika familia wa mwaka 2016, alikubali kwamba kuna wakati ambapo kutengana hakuepukiki ili wanyonge walindwe. Tena nchi yetu ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani. Kwenda kwa padre, kwa chifu, polisi au hospitalini si kukosa imani. Yosefu naye alikimbia usiku.

Na Mungu asipotoa?

Tusimalize bila kuligusa swali gumu kuliko yote. Yako mambo ambayo mume na mke wamefanya yote, wamekubaliana, wameomba kwa machozi, na bado hawakupata. Mtoto alikufa. Mimba haikushika. Kazi haikupatikana. Je, hao hawakutumaini vizuri?

Vijana watatu katika kitabu cha Danieli wanatupa jibu (Danieli 3:17-18). Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa katika tanuru, lakini hata kama hataokoa, hawatamwacha. Hapo ndipo tumaini lilipofika mwisho wake. Tumaini si kujua kwamba nitapata ninachotaka. Hiyo ni biashara. Tumaini ni kujua niko mikononi mwa nani, hata nisipopata.

Watakatifu Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, waliotangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, walizaa watoto tisa wakazika wanne wakiwa wadogo. Louis alikuwa fundi wa saa, Zélie alitengeneza lesi. Walikuwa watu wa kazi, wenye hesabu za duka na hofu za wazazi kama sisi. Mwenye Heri Irene wetu naye aliyemhurumia kila mtu hakuponywa tauni. Basi yeyote atakayekuambia kwamba umefiwa kwa sababu ya uchache wa imani yako, usimsikilize. Mungu hakumwokoa hata Mwanawe na msalaba. Alimfufua.

Tufanyeje nyumbani?

Mambo ni rahisi kuyaandika kuliko kuyafanya, lakini yafaa tuwe na pa kuanzia.

Kwanza, kabla ya kusema “Mungu atatoa,” jiulize: Je, nimetoa mimi? Pale Kana, Yesu aligeuza maji kuwa divai, lakini kujaza ile mitungi sita ya mawe aliwaachia watumishi, nao waliijaza mpaka juu (Yohane 2:6-7). Kujaza mitungi ni kazi yetu.

Pili, uliza: Gharama hii inaangukia nani, na je, huyo amekubali kwa moyo? Kama ni yangu, naweza kujitoa kwa furaha. Kama ni ya mke wangu au mume wangu, sina haki ya kuitoa mimi. Kama ni ya mtoto asiyeweza kujisemea, nina wajibu wa kumkinga.

Tatu, uliza: Jambo hili likishindikana, tutaweza kuketi pamoja mezani na kushukuru? Wanandoa walioamua pamoja huanguka pamoja na kuinuka pamoja. Aliyeamua peke yake huanguka na kumwangusha mwenzake, na anapoinuka hamkuti tena.

Nne, tengeni usiku mmoja katika mwezi. Watoto wakiisha kulala, wekeni mezani kila kitu: mshahara, pesa za maziwa, vyama, madeni. Anzeni kwa Baba Yetu. Mtakapofika pale tunapoomba mkate wa kila siku, simameni kidogo. Yesu hakutufundisha kuomba mkate wangu. Alitufundisha kuomba mkate wetu.

Kwa habari ya yule bwana wa lori, hatukusema asinunue. Pengine lori ni jambo jema, na pengine bibi naye ana woga uliozidi. Huenda wakiketi wakakubaliana kuanza na mkokoteni au kukodi gari kwa msimu mmoja kabla ya kuigusa hati ya shamba. Huenda wakakubaliana kuchukua mkopo wakijua wote wawili hatari yake. Lolote watakaloamua namna hiyo, wanaweza kulipeleka mbele ya altare bila haya, na wanaposema “Mungu atatoa” watakuwa wanasema kwa sauti mbili.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili

1. Ni lini mara ya mwisho nilipotumia jina la Mungu kumnyamazisha mwenzangu?

2. Kuna deni, akiba au hofu ambayo sijamwambia? Nangojea nini?

3. Ni jambo gani katika nyumba yetu ambalo tumelifanyia yote tuwezayo, na sasa imebaki tumwachie Mungu kweli?

Tuombe: Ee Baba mwema, wewe unajua tunayoyahitaji kabla hatujaomba. Utupe mikono ya kufanya kazi, masikio ya kusikilizana, na moyo wa kukutumaini katika yale tusiyoyaweza. Usituache tukujaribu, wala tusikuogope kama watumwa. Kwa maombezi ya Bikira Maria wa Konsolata na ya Mwenye Heri Irene Nyaatha, ulinde nyumba zetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.